Muulize Fundi: LED zinazoungua, risasi isiyoshika na rilei inayotetemeka

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu wanaoanza kuchezea elektroniki nyumbani, na karibu kila moja ina kitu kilichoungua. Tumezifupisha. Majibu yote ni ya kazi za volti 12 kushuka chini, isipokuwa pale tulipotaja umeme wa ukutani.

Fundi, habari za kazi. Nilitoa LED nyeupe tatu kwenye tochi mbovu nikaziunga kwenye betri ya pikipiki ya volti 12. Ziliwaka kwa nguvu kama sekunde moja, zikafa zote. Si wanasema LED hazili umeme? — Msomaji, Morogoro

Hazili umeme mwingi ukizizuia. Zenyewe hazijui kujizuia. LED nyeupe ya milimita 5 inatosheka na volti 3 hadi 3.3 na mkondo wa miliampia 20. Ukiizidishia volti kidogo tu, mkondo unaruka mara kadhaa, na betri ya pikipiki ina uwezo wa kumwaga makumi ya ampia bila kusita. Kinachokosekana hapo ni rezista, kifaa kidogo kinachozuia mkondo usizidi.

Hesabu yake ni hii: chukua volti za betri, toa volti za LED, kisha gawanya kwa mkondo unaoutaka. Kwa LED moja, 12 kutoa 3.2 ni 8.8. Gawanya kwa ampia 0.02, unapata omu 440. Dukani hutaipata 440, kwa hiyo panda hadi 470, yenye mistari ya rangi hizi: manjano, zambarau, kahawia, na dhahabu mwishoni. Rezista hiyo itageuza wati 0.16 hivi kuwa joto. Ya robo wati itahimili lakini itakuwa moto ukiigusa. Ukipata ya nusu wati chukua hiyo.

Kwako wewe mwenye LED tatu, ziunge mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine. Hapo zinakula volti 9.6, na kinachobaki kwa rezista ni volti 2.4 tu. Wengi hupiga hesabu wakapata omu 120, wakafurahi. Tatizo ni kwamba betri ya pikipiki haikai kwenye 12. Injini ikinguruma chaji inafika volti 14.4, na kwa omu 120 mkondo unakuwa miliampia 40, mara mbili ya kile LED inachokitaka. Haitakufa siku hiyo. Itafifia taratibu, na wewe utailaumu China. Piga hesabu kwa volti za juu kabisa: 14.4 kutoa 9.6 ni 4.8, gawanya kwa 0.018, unapata kama 267. Weka omu 270 (nyekundu, zambarau, kahawia). Injini ikizimwa mkondo utashuka hadi karibu miliampia 9 na mwanga utapungua kiasi, hakuna neno.

Usiziunge LED tatu sambamba (chanya zote pamoja, hasi zote pamoja) nyuma ya rezista moja. Hata za mfuko mmoja hazifanani. Ile inayoridhika na volti ndogo itanyonya mkondo zaidi ya wenzake na kuungua kwanza, na mgao wake utawaangukia waliobaki.

Rezista za bluu zina mistari mitano, na 470 inasomeka manjano, zambarau, nyeusi, nyeusi, kahawia. Ni rahisi kuisoma kuanzia mwisho. Ipime kwa mita ya kupimia volti na omu kabla ya kuilehemu.

La mwisho: weka fyuzi ya ampia 1 karibu kabisa na nguzo ya chanya. Bila hiyo, siku waya utakapogusa fremu, waya wenyewe ndio utakuwa fyuzi.

Shikamoo fundi. Risasi haishiki. Inajikunja kuwa kijitufe na kudondoka, hasa nikifanya kazi jioni. Pasi yangu ya kulehemu ni ya wati 40 na waya wa risasi ni mpya. — Mwanafunzi, Mwanza

Marahaba. Hiyo "jioni" imetupa nusu ya jibu. Pasi ya kawaida, isiyo na kidhibiti cha joto, hutoa wati zake 40 pale tu umeme unapokuwa volti 230. Mtaa mzima ukiwasha majiko na pasi za nguo, umeme ukashuka hadi 180, wati hazipungui kwa kiwango kilekile. Zinapungua kwa mraba wake. Wati 40 zako zinabaki 24 na ushee. Ukiona feni inazunguka kivivu, jua na pasi yako imepoa. Fanya kazi asubuhi, au ukipata pesa nunua ya wati 60 yenye kidhibiti cha joto. Hiyo ina akiba ya nguvu na inajirekebisha yenyewe.

Tazama pia kibandiko cha waya wa risasi. Ulioandikwa 60/40 una bati 60 na madini ya risasi 40 kwa mia, na huanza kuyeyuka nyuzi 183. Ukiandikwa Sn99.3 Cu0.7, hauna madini ya risasi ndani yake na unahitaji nyuzi 227. Kwa anayejifunza tunashauri 60/40 wenye unene wa milimita 0.8, wenye flaksi katikati, yaani dawa inayosafisha chuma ili risasi ishike. Ncha ya pasi iwe nyuzi 320 hadi 350, kwa sababu mguu wa kifaa na shaba ya bodi vinaiba joto mara vinapoguswa. Osha mikono kabla ya kula, na usishike waya huo kwa meno.

Sasa ncha yenyewe. Ikiwa nyeusi, joto halipiti, hata kama pasi ina moto wa kutosha. Pasha, futa kwenye sifongo yenye unyevu (si inayotiririka maji), kisha iyeyushie risasi mpya mara moja hadi ing'ae. Ncha za bei rahisi za shaba tupu unaweza kuzipiga tupa. Zile zenye ganda la chuma, zinazokuja ziking'aa kama fedha, usiziguse kwa tupa wala msasa. Ganda likitoboka, bati linaila shaba ya ndani na ncha inakuwa na shimo.

Namna ya kushikisha: ncha iguse mguu wa kifaa na duara la shaba kwa pamoja, hesabu sekunde mbili, kisha peleka waya wa risasi kwenye kiungo, upande wa pili wa ncha. Ukiyeyusha risasi kwenye ncha na kwenda kuipaka, flaksi inaungua njiani, na hapo ndipo kijitufe chako kinapozaliwa. Ikishatambaa, toa waya kwanza, pasi baadaye, na usitikise mpaka igande. Kiungo kizuri kina mteremko, kimeshika pande zote. Cha mviringo kama tone, au kilichoparara rangi ya kijivu, kirudie kwa flaksi kidogo.

Na usitumie mafuta ya kulehemu ya mafundi bomba. Yana asidi. Kazi itapendeza leo, na baada ya muda utakuta shaba ya bodi imegeuka kijani na kukatika.

Assalaam aleikum. Nilitaka kujua soketi ya ukutani ina ampia ngapi, nikaweka mita kwenye 10A na kuingiza ncha mbili kwenye soketi. Kukatokea mlipuko na ncha zikayeyuka. Mita ilikuwa mbovu? — Msomaji, Mombasa

Waaleikum salaam, na shukuru kwamba ni ncha peke yake. Mita ilikuwa nzima. Waya mwekundu ukiwa kwenye tundu la 10A, ndani ya mita hakuna kitu ila kipande kinene cha waya kinachounganisha nyekundu na nyeusi. Umeunga laivu na nyutro kwa shoti. Kwenye mita nyingi za njano za bei nafuu tundu hilo halina hata fyuzi. Soma maandishi madogo ubavuni mwake.

Soketi haina ampia zake. Ina volti, na ampia zinategemea kifaa utakachochomeka. Volti hupimwa kwa kugusa sehemu mbili. Mkondo hupimwa kwa kukata njia na kuiweka mita katikati, pamoja na mzigo, yaani taa au mota inayokula umeme huo. Ukimaliza kupima ampia, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti kabla hujaweka mita chini. Mita nyingi zimekufa kwa kusahau hapo tu, siku ya pili mtu anapotaka kupima betri.

Mita ya bei nafuu itumie kwenye betri na adapta. Kwa umeme wa ukutani tafuta iliyoandikwa CAT III kutoka kwa muuzaji unayemwamini, maana maandishi hayo nayo hubandikwa ovyo. Ikiwa mita inasoma betri ya volti 12 kama 14 na zaidi, angalia betri ya volti 9 iliyo ndani yake. Ikichoka, mita inadanganya kwa kuzidisha.

Ninunue nini kwanza? Bajeti ni ndogo. — Msomaji, Dodoma

Mita. Kisha pasi ya kulehemu na waya wa risasi, bredibodi ya matundu 830 (bodi ya kuunga saketi bila kulehemu), adapta ya volti 12 ya ampia 1 au 2, na pakiti ya rezista mchanganyiko za robo wati. Plaizi ndogo ya kukatia. Basi. Vingine vyote viko kwenye redio mbovu za mtaani, na kuvitoa ni mazoezi mazuri ya mkono.

Tahadhari moja kuhusu bredibodi: kwenye nyingi za matundu 830, zile njia ndefu za pembeni zenye mstari mwekundu na wa bluu zimekatika katikati. Mtu anaweka umeme upande wa kushoto, saketi iko kulia, anashinda siku nzima anabadilisha IC (chipu). Ukiona mstari uliochorwa umeachana katikati, ruka pengo kwa kipande cha waya.

Nimetengeneza taa inayojiwasha usiku kwa LDR (rezista inayobadilika kwa mwanga), transista BC547 na rilei ya volti 12. Giza likianza kuingia rilei inatetemeka tra-tra-tra kwa dakika kadhaa. Jana transista imekufa, na hii ni ya pili. — Msomaji, Nakuru

Una maradhi mawili tofauti, na moja linauma zaidi kwa sababu ya lingine.

Kifo cha transista kinatoka kwenye koili ya rilei, ile swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Koili ikikatiwa mkondo ghafla inakataa, inatupa msukumo wa volti kinyume ambao kwa kufumba na kufumbua unaweza kupita volti 100. BC547 imetengenezwa kuhimili 45. Dawa ni dayodi moja ya 1N4007 (hupitisha mkondo upande mmoja tu) sambamba na koili, mstari wake wa fedha ukitazama upande wa chanya. Ukiigeuza, itakuwa shoti na transista ya tatu itaondoka. Kwa sasa, kila "tra" moja ni kofi moja kwa transista.

Kutetemeka kunatokana na giza lenyewe kuja polepole. Volti kwenye beisi, mguu unaoiamuru transista, inapanda taratibu, inafika mpakani, na hapo transista haijui iwake au izime. Kivuli cha ndege kinatosha kuibadilisha. Vibaya zaidi kama taa inamulika LDR: inawaka, LDR inaona kumekucha, inaizima, giza linarudi. Elekeza LDR mbali na taa kwanza.

Lakini dawa ya kudumu ni kuweka pengo kati ya mahali pa kuwasha na mahali pa kuzima. IC ya 555 inalo pengo hilo tayari. IC hii ilibuniwa na Hans Camenzind, ikaanza kuuzwa na Signetics mwaka 1972, na mpaka leo haijapata mrithi kwa bei yake. Ndani yake kuna mipaka miwili, theluthi moja na theluthi mbili za volti unazoipa. Kwa volti 12 ni volti 4 na volti 8.

Iunge hivi. Pini 8 na pini 4 kwenye chanya, pini 1 kwenye hasi. Pini 2 na 6 ziungane. Kutoka kwenye kiungo hicho, LDR iende kwenye chanya. Na rezista ya kilo-omu 10 ikifuatiwa na rezista ya kuzungusha ya kilo-omu 100 ziende kwenye hasi. Pini 5 kwenye hasi kupitia kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji) iliyoandikwa 103. Pini 7 iache wazi. Rilei iwe kati ya pini 3 na hasi, na dayodi sambamba nayo, safari hii mstari ukitazama pini 3. Weka na kapasita ya mikrofaradi 100, volti 25, kati ya chanya na hasi karibu na IC.

Kunapokuwa na giza ukinzani wa LDR unapanda. Ukifika mara 2 ya zile rezista mbili za chini kwa jumla, volti inashuka chini ya 4 na rilei inavuta. Ili iachie, LDR lazima ishuke hadi nusu ya jumla hiyo. Pengo ni mara 4, na kivuli cha ndege hakilivuki. Ile kilo-omu 10 usiiruke: bila hiyo, siku utakapozungusha rezista hadi mwisho mchana wa jua, LDR itabaki peke yake kati ya chanya na hasi na itaungua.

Rilei ndogo ya bluu ya volti 12 ina koili ya omu 400, kwa hiyo inakula miliampia 30. 555 ya kawaida inatoa hadi 200. Pini 3 haifiki 12 kamili, inaishia karibu 10.5, na rilei hizi huvuta kuanzia volti 9. Inatosha. Ukitumia adapta ya volti 9 haitatosha, rilei itasikika ikijaribu bila kuvuta.

Kabla ya kutupa hizo BC547 zako, hakikisha miguu. Uso bapa ukikutazama na miguu ikiwa chini, BC547 kutoka kushoto ni kolekta, beisi, emita. 2N3904 ni emita, beisi, kolekta. C1815, ambayo ndiyo imejaa kwenye redio za zamani, ni emita, kolekta, beisi. Anayebadilisha moja kwa nyingine bila kutazama anaweza kudhani amenunua mbovu.

Jaribu kwanza kwa taa ya volti 12. Ukifika kwenye taa ya ukutani, rilei ikate waya wa laivu, kila kitu kikae ndani ya boksi la plastiki lililofungwa kwa skrubu, na umwite fundi umeme akague kabla ya kuwasha.

Betri za 18650 (za lithiamu, umbo la silinda) nilizotoa kwenye laptop mbovu zinaweza kutengeneza pawa benki? Nyingine zinasoma volti 1.2. — Msomaji, Arusha

Zinazosoma chini ya volti 2.5 usizifufue. Zikishalala kiasi hicho shaba huanza kuyeyuka ndani yake, na ukizichaji upya inaweza kujijenga na kusababisha shoti humohumo. Zipeleke kwa wanaonunua betri chakavu, usizitupe kwenye takataka zinazochomwa.

Nzima zichaji kwa bodi ndogo ya TP4056, inayokata yenyewe kwenye volti 4.2. Nunua yenye matundu ya OUT pamoja na ya B, hiyo ndiyo yenye ulinzi. Inakuja ikiwa imepangwa ampia 1, kwa rezista ya kilo-omu 1.2. Kwa betri iliyochoka hiyo ni nyingi. Badilisha rezista iwe kilo-omu 2, itachaji kwa miliampia 580 hivi. Betri ikipata joto la kuudhi mkono wakati wa kuchaji, itoe.

Usilehemu juu ya betri. Joto la pasi linaharibu mpira wa ndani na utando unaotenganisha chanya na hasi. Tumia kishikio cha plastiki. Na ukikuta 18650 dukani imeandikwa 9900mAh, cheka uende zako: bora kabisa huwa karibu 3500.

Ni kweli kapasita ya chaja au runinga inaweza kukupiga hata plagi ikiwa nje? — Msomaji, Zanzibar

Kweli. Ile kubwa iliyoandikwa 400V inabeba kilele cha umeme wa ukutani, na kwa volti 230 kilele ni 325. Chaja nzima huumwaga umeme huo baada ya muda. Iliyoharibika inaweza kukaa nao, na chaja inayofika kwako kwa kawaida ndiyo iliyoharibika.

Usiigonganishe kwa bisibisi. Cheche inakula miguu ya kapasita na bodi, na kipande cha chuma kinaweza kuruka machoni. Chukua rezista ya omu 4,700 ya wati 5, ifunge kwenye waya mbili zilizovikwa vizuri, shikilia miguuni mwa kapasita kwa sekunde 10. Kapasita ya mikrofaradi 100 inaisha ndani ya sekunde 3, hizo nyingine ni za usalama. Kisha pima, mita ikiwa kwenye volti za DC za juu kabisa, ukiteremsha hatua kwa hatua. Ikisoma chini ya volti 5, endelea. Runinga za kizamani za kioo kizito ziacheni kabisa: kioo chenyewe kinahifadhi maelfu ya volti, na rezista hii si ya kazi hiyo.